Toronto, Montreal, Calgary au Winnipeg: ukihamia Kanada peke yako, uanzie wapi?

Orodha za "miji bora ya kuishi Kanada" huandikwa kwa kufikiria familia. Zinapima bei ya nyumba ya vyumba vitatu, shule za jirani, bustani za watoto. Mtu anayeshuka uwanja wa ndege na masanduku mawili, hana mke wala mume wala shemeji wa kumpokea, hayo bado hayamhusu. Anatafuta chumba, basi linalopita hadi usiku, kazi itakayompokea kabla akiba haijakata, na walau mtu mmoja wa kumpigia simu homa ikimshika. Ukiipima miji kwa mizani hiyo, mpangilio hugeuka. Mji unaosifiwa kuwa nafuu unaweza kukukamua, na ule unaotisha watu kwa kodi ukakubeba vizuri tu.

Nalinganisha minne. Miwili nimeishi, Toronto kwa miezi kumi na minne na Winnipeg tangu hapo, kwa hiyo usitegemee refa asiye na timu. Montreal na Calgary nimelala kwenye makochi ya watu na kuuliza maswali mengi kuliko adabu inavyoruhusu. Fedha zote hapa ni dola za Kanada.

Kabla ya kupenda mji, tazama unaingilia mlango gani

Wengi huchagua mji kwanza, kibali baadaye. Kanada mambo yako kinyume.

Quebec, jimbo la Montreal, huchagua wahamiaji wake yenyewe, kwa makubaliano yake na serikali ya shirikisho ya mwaka 1991. Express Entry, mfumo wa pointi ulioanza Januari 2015, ni wa wale wanaokusudia kuishi nje ya Quebec. Maana yake Montreal si mji unaoweza kuuchagua ukiwa tayari kwenye foleni ya Express Entry. Ni foleni nyingine kabisa, yenye fomu zake, cheti chake cha uteuzi na Kifaransa chake.

Winnipeg ina mlango wa pembeni unaojulikana sana. Manitoba, jimbo lake, ndiyo iliyotangulia majimbo mengine kuteua wahamiaji, tangu 1998, na uteuzi wa jimbo hukuongezea pointi 600 kwenye Express Entry, kiasi ambacho kwa kawaida humaliza mjadala. Hapo ndipo minong'ono huanza: pitia Manitoba, ukifika ukate tiketi ya Toronto. Ni kweli kwamba kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982 kinampa mkaazi wa kudumu haki ya kuishi na kufanya kazi jimbo lolote. Lakini uteuzi hupewa anayekusudia kubaki, na udanganyifu kwenye maombi unaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5. Kuhama kwa sababu kazi imekosekana ni haki yako. Kupanga kuhama kabla hujafika, huku umesaini kwamba utakaa, ni jambo jingine, na usikubali mtu akuchanganyie haya mawili.

Ipo pia milango ya miji midogo. Mpango wa majimbo ya Atlantiki, yaani upande wa Halifax na Moncton, ulifanywa wa kudumu mwaka 2022. Majaribio ya miji ya pembezoni yaliyoanza 2025 yanagusa sehemu kama Thunder Bay, Sudbury na Brandon. Yote yanataka ofa ya kazi kutoka kwa mwajiri aliyeidhinishwa. Kwa mtu wa peke yake hili lina utamu na uchungu. Utamu ni kwamba unafika kazi ipo. Uchungu ni kwamba katika mji wa watu elfu hamsini, ukikosana na mwajiri wako huna pa kuhamia bila kufunga masanduku. Mwenye mwenzi anaweza kuishi kwa mshahara wa mwenzake miezi mitatu. Wewe huna mshahara wa pili nyumbani.

Na ukiwa unaingia kwa pointi bila kazi, utaonyesha akiba. Kwa mtu mmoja ilikuwa kama dola 15,000 na ushei mwaka 2025. Ukitumia 1,700 kwa mwezi, hiyo ni pumzi ya miezi isiyofika tisa. Ukitumia 1,200 ni mwaka na kidogo. Miezi hiyo minne ya tofauti ndiyo inayoamua kama utasubiri kazi ya fani yako au utachukua ya kwanza itakayojitokeza, na ndiyo sababu suala la chumba linanichukua nafasi kubwa kuliko mengine yote.

Chumba na basi

Oktoba 2023, shirika la serikali la nyumba, CMHC, lilipopima kodi za nyumba za vyumba viwili, Vancouver ilikuwa karibu 2,200, Toronto zaidi ya 1,900, Calgary karibu 1,700 na Montreal karibu 1,100. Usizikumbatie namba hizo. Zinachanganya kodi yako mgeni na ya bibi aliyekaa nyumba hiyohiyo miaka ishirini. Wewe utalipa bei ya leo, si ya bibi. Halafu, wewe hupangi vyumba viwili. Unapanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya watu wengine, na kwenye vyumba tofauti kati ya miji hupungua sana. Nilivyoviona mimi Toronto vilikuwa kati ya 900 na 1,200. Winnipeg, 550 hadi 750. Calgary katikati hapo.

Sasa ongeza usafiri. Hapa ndipo Calgary inaponiudhi, kwa sababu watu huitaja kama nafuu na kuacha nusu ya hesabu. Treni yake, CTrain, ni nzuri na ndani ya katikati ya mji ni bure kupanda. Lakini mji umetanuka kama mkeka uliokunjuliwa na mtu mwenye haraka, na kazi nyingi za kuanzia, maghala na viwanda vidogo, ziko kingoni, ambako basi ukilikosa unasubiri la pili huku vidole vinakufa ganzi. Baada ya miezi michache karibu kila mtu hununua gari. Mgeni asiye na historia ya udereva Kanada anaweza kulipa bima ya mamia ya dola kila mwezi, hapo hujaweka mafuta wala matairi ya theluji. Familia hugawana gari moja. Wewe unalibeba peke yako. Chumba cha 750 na gari la 600 kwa mwezi ni 1,350. Toronto, chumba cha 1,000 na pasi ya mwezi ya mabasi na treni ya dola 156, ni 1,156.

Montreal inashinda wote kwenye kipengele hiki. Treni yake ya chini ya ardhi iko tangu 1966, ina vituo 68, na pasi ya mwezi ndani ya kisiwa ni kama dola 100. Mtu anaweza kuishi pale miaka kumi asijue bei ya petroli. Winnipeg haina treni za mjini kabisa. Mtandao wa mabasi ulipangwa upya Juni 2025, njia kuu zikaboreka, lakini baada ya saa nne usiku bado ni subira. Nilidumu bila gari miaka miwili kwa sababu nilipanga chumba hatua chache kutoka njia kuu ya basi, na nilikataa vyumba viwili vizuri zaidi kwa ajili hiyo. Sijutii.

Sheria za kupanga nazo hazifanani, na kwa mpangaji wa chumba tofauti hizi zina uzito. Quebec mwenye nyumba haruhusiwi kukudai amana, ni kodi ya mwezi wa kwanza tu, na kwenye mkataba rasmi kuna sehemu, sehemu G, anayotakiwa kuandika kodi ya chini kabisa iliyolipwa kwenye nyumba hiyo miezi 12 iliyopita. Manitoba amana haizidi nusu ya kodi ya mwezi. Alberta, jimbo la Calgary, inaweza kufika kodi ya mwezi mzima, na kodi yenyewe haina kikomo cha kupandishwa, ila haipandishwi kabla ya mwaka kupita. Ontario, jimbo la Toronto, mwenye nyumba anaweza kuchukua kodi ya mwezi wa mwisho mapema, lakini si amana ya uharibifu.

Ontario ina shimo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Ukishiriki jiko au bafu na mwenye nyumba mwenyewe, sheria ya wapangaji haikulindi. Nilikuwa na chumba cha chini ya ardhi Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, dirisha dogo likiwa usawa wa ardhi, theluji ikianguka linazibika na chumba kinakuwa cha bluu. Jiko tulitumia pamoja na mwenye nyumba. Jioni moja ya Januari aliniambia, akiwa anakaanga samaki na wala hakugeuka, kwamba mpwa wake anakuja na atahitaji chumba Jumamosi. Ilikuwa Jumanne. Nilipiga simu kila mahali nikitaka kujua haki yangu, na jibu lilikuwa fupi: kwa mpango ule wa jiko moja, huna nyingi. Kwa hiyo Toronto swali la kwanza la kuuliza kuhusu chumba si bei. Uliza mwenye nyumba anapika wapi.

Kodi ya mauzo, mshahara, na hesabu inayodanganya

Alberta inajivunia kutokuwa na kodi ya mauzo ya jimbo. Dukani unalipa asilimia 5 ya shirikisho tu, wakati Manitoba jumla ni 12, Ontario 13, na Quebec 14.975. Inasikika kama neema. Ila vyakula vya msingi na kodi ya nyumba havitozwi kodi hiyo popote, na hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza mshahara wa mtu anayeanza. Upande wa pili, kima cha chini cha Alberta kimekaa dola 15 kwa saa tangu Oktoba 2018. Ontario kilifika 17.60 Oktoba 2025. Manitoba kilifika 16 mwezi huohuo. Kwa wiki ya saa 40, dola 2.60 za tofauti kati ya Alberta na Ontario ni 104. Ili kodi ya mauzo ikurudishie hizo, ungepaswa kununua vitu vya zaidi ya dola 1,000 vyenye kodi kila wiki. Nani huyo?

Hesabu hii haimhusu mwenye kazi ya dola 50 kwa saa. Kwake Calgary inang'aa kweli. Inamhusu anayeanza kwa kufagia, kupanga maboksi au kuwahudumia wazee, na wengi wetu tumeanza hapo hata tukiwa na shahada mbili mfukoni.

Cheti chako kinatambulika wapi?

Uuguzi, ualimu, uhandisi, ufundi umeme: leseni za kazi hizi hutolewa na jimbo, si nchi. Muuguzi anayeamua "nitaanzia Calgary, nikichoka nitaenda Montreal" anajipangia mchakato wa leseni mara mbili, wa pili ukiwa na Kifaransa ndani yake. Mafundi wana nafuu, kwani muhuri wa Red Seal unatambulika majimbo yote. Mwenye fani iliyodhibitiwa asome tovuti ya chombo cha leseni cha jimbo kabla hajasoma chochote kuhusu bei ya vyumba, na aombe vyeti na alama zake chuoni akiwa bado nyumbani. Kufuatilia karatasi hizo kutoka bara jingine, ukiwa huna wa kumtuma, ni adhabu.

Kuhusu kile kizingiti maarufu cha "uzoefu wa Kanada", yaani mwajiri kudai uwe umeshafanya kazi Kanada, Ontario imekipiga marufuku kwenye matangazo ya kazi tangu Januari 2026. Sheria ipo. Mazoea ya watu wanaofanya usaili hayafi siku moja.

Toronto ina kazi za kila aina: mabenki, hospitali, teknolojia, maghala ya Brampton na Mississauga. Wingi huo una thamani ya pekee kwa asiye na mwenzi, maana ukipoteza kazi Ijumaa kuna mahali pengine mia pa kupeleka wasifu Jumatatu. Calgary imeegemea mafuta na gesi kuliko inavyopenda kukiri. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia 2014, wahandisi waliokuwa wakigombewa walijikuta nje kwa makundi, na ofisi za katikati ya mji zikabaki tupu kwa miaka. Mji wa namna hiyo ni mtamu wakati wa mavuno. Winnipeg hainogi kwa kiwango hicho wala haianguki kwa kiwango hicho: mabasi yanaundwa pale, vipuri vya ndege, malori, hospitali, ofisi za serikali. Mishahara ya wastani, mambo ya wastani. Kwa mtu mwenye mshahara mmoja, wastani usioyumba una faida yake.

Jambo la afya, haraka: Ontario iliondoa miezi mitatu ya kusubiri bima ya jimbo mwaka 2020, na Alberta mkaazi mpya kutoka nje huhesabiwa tangu siku ya kuanza kuishi pale akiomba ndani ya miezi mitatu. Quebec subira inaweza kufika miezi mitatu. Ukienda Montreal nunua bima binafsi ya kipindi hicho.

Kifaransa kinageuza meza

Kama lugha zako ni Kiswahili na Kiingereza, Montreal ina bei nzuri na mtego mzuri. Utaishi kwa Kiingereza mitaa fulani, utadhani umeweza, kisha utaomba kazi ya pili. Sheria ya lugha iliyopitishwa 2022 inaitaka serikali ya jimbo iwasiliane na wahamiaji kwa Kifaransa pekee baada ya miezi sita ya kwanza, isipokuwa kwa mambo machache. Masomo ya Kifaransa ni ya bure na ni mazuri. Lakini yanataka saa zako, na saa zako ndizo unazouza ili ulipe chumba. Mwenyeji aliyenipa kochi pale alisoma jioni nne kwa wiki akitoka kazini, daftari lake limejaa vitenzi mpaka kwenye jalada. Mwaka wa pili alianza kuota kwa Kifaransa. Mwaka wa kwanza, alisema, alikuwa analia kwenye treni.

Kwa mtu wa Bukavu, Goma au Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa, picha ni nyingine kabisa. Montreal inakuwa mji wa kwanza kwenye orodha, hauna mpinzani: chumba, treni, lugha, na Wakongo wa kutosha kiasi kwamba Kiswahili utakisikia kwenye foleni ya benki. Ila huyu ana karata nyingine ambayo wengi hawaitazami. Tangu 2023 Express Entry ina kundi maalumu la wanaojua Kifaransa na wanaokwenda nje ya Quebec. Winnipeg ina mtaa mzima wa Kifaransa, Saint-Boniface, wenye chuo kikuu na hospitali yake ng'ambo ya mto. Mwenye lugha zote mbili pale hutafutwa kama daladala saa ya mvua.

Baridi, bila hadithi

Wastani wa Januari: Toronto kama nyuzi 4 chini ya sifuri, Calgary 7, Montreal 9 au 10, Winnipeg 16. Namba hizo hazikuambii kitu mpaka uone waya wa umeme ukining'inia mbele ya gari, kwenye meno ya grili, kama ulimi. Hiyo ndiyo Winnipeg. Kila gari lina hita ndogo ya injini, na maegesho yana nguzo zenye soketi. Usiku unachomeka gari ukutani kama simu. Asubuhi ukisahau, haliwaki.

Upepo ukiifanya baridi ihisike kama nyuzi 40 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda kwa dakika 5 hadi 10. Ndiyo maana nilisema chumba kiwe karibu na basi. Familia humtuma mmoja na gari amfuate mwingine kituoni, wewe unatembea. Wiki yangu ya kwanza nilikutana kwenye lifti na mama mmoja wa Bukavu, jirani wa ghorofa ya juu. Aliniangalia miguuni.

"Mwanangu, umevaa soksi ngapi?"

"Mbili, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbili ni za watu wa Toronto. Rudi ndani."

Nikarudi ndani.

Lakini baridi ya Winnipeg ni kavu na ina jua, anga la bluu kali mpaka macho yanauma. Toronto ina joto zaidi na ina kijivu, Novemba hadi Machi, matope ya theluji na chumvi yakila viatu, na ni kile kijivu kilichoniweka kitandani siku za mapumziko, si baridi. Montreal hupokea zaidi ya mita mbili za theluji kwa msimu, ila mji umejichimbia njia za chini ya ardhi zaidi ya kilomita 30 kati ya vituo, maduka na ofisi. Calgary ina chinook, upepo wa vuguvugu unaoshuka milimani na kupandisha joto nyuzi 20 ndani ya saa chache. Januari unatoka asubuhi na koti zito, mchana unatembea na shati. Wengine huumwa kichwa kila ukivuma.

Nani atabisha hodi?

Toronto ina watu wa kila kabila duniani, na mimi nilikaa miezi kumi na minne bila mtu kuingia chumbani kwangu. Si ubaya wa watu. Rafiki niliyempata aliishi Mississauga, mimi Scarborough, na kuonana kulikuwa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Wote tulifanya kazi za zamu. Tulipanga, tukaahirisha, tukapanga, tukabaki kutumiana ujumbe wa sauti. Mji mkubwa unakupa jamii yako kwa wingi kisha unaitawanya mbali.

Winnipeg ilikuwa na watu kama laki saba na nusu tu kwenye sensa ya 2021, na hakuna rafiki aliye mbali kuliko nusu saa. Nilipougua mafua makali Februari ya kwanza, yule mama wa lifti aligundua kwa sababu hakunisikia nikifunga mlango asubuhi. Alileta uji na hakuuliza kama nataka. Bei yake unailipa pia: ukionekana na mtu sinema Ijumaa, Jumapili kanisani wanajua jina lake na kabila lake. Anayekimbia macho ya watu, na wapo wenye sababu nzuri za kuyakimbia, asije huku. Toronto itamficha vizuri.

Calgary sitaisemea sana hapa. Ina vijana wengi waliofuata kazi, wengi nao wamekuja peke yao, na jamaa yangu pale alipata marafiki kwa kupanda milima ya Banff, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tunarudi palepale kwenye gari.

Miji niliyoiacha

Vancouver, kwa mshahara mmoja wa kuanzia, usijitese. Nenda likizo.

Halifax nimeifikiria mara mbili. Ni mji wa bandari, watu wasalimianao, na watu weusi wamekuwapo Nova Scotia tangu karne ya 18, ingawa historia hiyo ina majeraha yake: kijiji chao cha Africville kilibomolewa miaka ya 1960 na jiji likaomba radhi mwaka 2010. Kodi ya mauzo ilishuka hadi asilimia 14 mwaka 2025. Nimeiacha kwa sababu nafasi za kazi ni chache na vyumba vimepanda haraka kuliko mishahara, lakini mwenye ofa ya kazi mkononi kupitia mpango wa Atlantiki aipe nafasi kabla ya Calgary.

Ningemshauri nani aende wapi

Muuguzi au mhudumu wa wazee anayezungumza Kiingereza, mwenye akiba ya kima kilekile cha chini: Winnipeg, na asisikilize vichekesho vya baridi. Mhandisi wa mitambo au mafuta mwenye kazi iliyosainiwa: Calgary, akiweka kando gharama za miezi sita kabla ya kununua gari zuri. Mhasibu, mtu wa kompyuta, au yeyote ambaye fani yake inahitaji waajiri wengi ili apate mmoja: Toronto, kwenye chumba kisicho na jiko la mwenye nyumba. Mwenye Kifaransa: Montreal, au Saint-Boniface akitaka ukaazi wa kudumu kwa njia fupi. Asiye na fani wala Kifaransa, anayekuja kutafuta maisha tu: nasita, ila nikibanwa nasema Winnipeg, kwa sababu dola 15,000 zitampa miezi mingi zaidi ya kukosea.

Na wenye kaka au dada Kanada? Ndugu wa damu aliye mkaazi wa kudumu au raia anakupa pointi 15 kwenye Express Entry, ziwe mji wowote. Chukua pointi. Kuhamia kwenye mji wake ni swali tofauti, na kochi la ndugu lina tarehe ya mwisho hata kama haijaandikwa.

Ukishaamua, usisaini mkataba wa mwaka ukiwa bado nje ya nchi, wala usitume amana ya chumba ambacho hakuna mtu amekikanyaga kwa niaba yako. Tafuta cha mwezi kwa mwezi kwanza. Montreal mikataba mingi huisha Juni 30 na mji mzima huhama Julai mosi, magodoro barabarani, kwa hiyo anayefika Aprili anachagua na anayefika Agosti anaokota. Ontario mpangaji wa mwezi kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 60, hilo lihesabu kabla hujakata tiketi ya kwenda jimbo jingine. Ukihama jimbo, bima ya afya ya jimbo la zamani hukushikilia hadi miezi mitatu wakati mpya inashughulikiwa. Usiitupe kadi. Mimi niliitupa, kwa hasira za Scarborough, na Winnipeg nikalipia eksirei ya kifua mfukoni mwangu.